Wimbo Umesema, au Nimesema Mimi?



Ndugu msomaji, mahali walipo vijana hapakosi muziki, na nyumba za malezi nazo zimo. Saa ya mapumziko utasikia nyimbo za kwaya, bongo fleva, rumba ya Kongo, na pia zile nyimbo za roki za zamani ambazo wengi wetu tulizirithi kutoka kwa kaka zetu na kutoka redioni. Zikipigwa hizo, mjadala huanza. Mmoja anasema wimbo huu ni wa Bikira Maria. Mwingine anasema ule ni wa shetani. Wa tatu anasema ule mwingine ni wimbo wa kuisifu nchi. Kila mmoja ana hakika na anachosema, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyeyasoma maneno ya wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Katika makala hii napenda kutetea jambo moja. Mkristo anaposikiliza wimbo wa kidunia ana haki ya kupata humo ujumbe wa kumfaa yeye, hata kama mtunzi hakuufikiria ujumbe huo. Lakini hana haki ya kumwekea mtunzi maneno mdomoni. "Wimbo huu umenikumbusha" ni sentensi moja, na "wimbo huu unasema" ni sentensi nyingine. Anayezichanganya sentensi hizo leo kwenye nyimbo, kesho atazichanganya kwenye Maandiko Matakatifu akiwa mimbarini.

Mama Maria wa The Beatles

Tuanze na wimbo ambao Wakatoliki wengi wanaupenda. Mwaka 1970 kundi la The Beatles la Uingereza lilitoa wimbo uitwao Let It Be. Humo anatajwa Mama Maria, anayemjia mwimbaji wakati wa taabu na kumpa neno la hekima. Hata jina la wimbo, ukiliweka kwa Kiswahili, linakaribia "na iwe hivyo". Ni Mkatoliki gani asiyekumbuka hapo Nazareti, malaika Gabrieli na jibu la Bikira katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka?

Paul McCartney, aliyeutunga wimbo huo, ameeleza mara nyingi ulikotoka. Mama yake mzazi aliitwa Mary. Alikuwa Mkatoliki, muuguzi na mkunga mjini Liverpool, na alifariki kwa saratani mwaka 1956, Paul akiwa na umri wa miaka 14. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kundi likiwa katika ile migogoro iliyolivunja, Paul alimwota mama yake akimtuliza. Wimbo ulizaliwa katika ndoto hiyo. McCartney amesema pia kwamba hana kinyongo na watu wanaomsikia humo Bikira Maria. Kama wimbo unaitegemeza imani yao, yeye anafurahi.

Je, yule mama wa jumuiya ndogo ndogo anayeusikia wimbo huo na kujikuta anasali Salamu Maria amekosea? Hata kidogo. Anachosema kuhusu moyo wake ni kweli, na hakuna wa kumpokonya. Lakini frateri anayesimama mbele ya vijana na kutangaza kwamba The Beatles walitunga wimbo wa kumheshimu Mama wa Mungu amesema jambo lisilo kweli. Miongoni mwa vijana hao yupo mwenye simu mfukoni. Ataupata ukweli kabla semina haijaisha, na swali litakalobaki kichwani mwake halitawahusu The Beatles. Atajiuliza: kama huyu anatangaza kwa uhakika jambo asilolichunguza, je, hayo mengine anayotufundisha ameyachunguza?

Tazama pia kile tunachokipoteza kwa haraka yetu. Habari ya kweli ya wimbo huo ni ya kijana aliyefiwa na mama angali mdogo, na ambaye miaka mingi baadaye, mambo yake yalipoharibika, ni mama huyo aliyekuja kumtuliza. Katika kila parokia yetu wapo vijana waliofiwa na mama zao. Mwambie kijana wa namna hiyo habari hiyo ilivyo, katika mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu wote, kisha mweleze imani yetu katika ushirika wa watakatifu, na umalizie chini ya msalaba, pale Yesu anapomkabidhi mwanafunzi wake kwa Mama. Hapo umefika kwa Bikira Maria bila kumsingizia mtu, na umefika ukiwa na kitu mkononi cha kumpa kijana yule.

Taarabu inatufundisha

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatupaswi kuona jambo hili kuwa geni. Katika ukumbi wa taarabu, mwimbaji anaimba shairi lililotungwa na mtu mwingine. Anapofika ubeti fulani, mama mmoja anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, anamtuza mwimbaji, na huku jicho lake liko kwa mtu fulani pale ukumbini. Kila mtu ameelewa. Mama yule ameyachukua maneno ya mshairi na kuyafanya yake, na ujumbe umefika kwa mlengwa. Lakini hakuna anayetoka pale akisema kwamba mshairi alitunga kwa ajili ya ugomvi wa akina mama wale wawili. Kanga nayo ni hivyo hivyo: maneno yamechapwa kiwandani, ila anayeivaa ndiye anayejua anamwambia nani. Maana ya maneno ina mwenyewe, na matumizi yana mwenyewe.

Mtakatifu Augustino alilifikiria jambo linalofanana na hili, tena kuhusu Maandiko Matakatifu yenyewe. Katika kitabu cha kwanza cha De Doctrina Christiana anamzungumzia mtu anayefasiri Maandiko kwa namna inayojenga upendo kwa Mungu na kwa jirani, ingawa mwandishi hakukusudia hivyo. Augustino hamhesabu mtu huyo kuwa mwongo, wala hasemi kwamba amepotea kabisa. Anamfananisha na msafiri aliyeacha njia kwa bahati mbaya, akakatiza mashambani, akatokea kule kule ambako njia inakwenda. Amefika salama. Hata hivyo Augustino anataka aonyeshwe njia, kwa sababu akizoea kuiacha, siku moja atakatiza na kutokea mahali pabaya.

Mazoea ndiyo hatari yenyewe. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum namba 12, unamtaka mfasiri wa Maandiko atafute kwa makini kile ambacho waandishi watakatifu walikusudia kusema, na azingatie aina ya uandishi walioutumia. Katekisimu inaeleza kwamba maana za kiroho za Maandiko zinasimama juu ya maana ya maneno yenyewe. Ikiwa kitabu ambacho Mungu ndiye mwandishi wake kinadai uangalifu huo, nasi tunakiri kwamba kina kina kisichokwisha, basi wimbo wa mwanadamu hauwezi kuwa mahali pa kujifunzia uzembe.

Kusikia kiitikio peke yake

Uzembe wa kwanza ni kusikia kiitikio na kuziacha beti. Mwaka 1984 Bruce Springsteen, mwanamuziki wa Marekani aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, alitoa wimbo Born in the U.S.A. Kiitikio chake kina nguvu, ngoma zinalia, na mtu anajiona yuko uwanjani akipeperusha bendera. Lakini beti zinasimulia habari ya kijana wa mji wa watu maskini, aliyeingia matatani, akapelekwa vitani Vietnam, akarudi na kukosa kazi kiwandani. Ndugu yake alibaki huko vitani. Miaka kumi baadaye bado hana pa kwenda.

Septemba mwaka huo huo, Rais Ronald Reagan, akiwa katika kampeni jimboni New Jersey, alimtaja Springsteen kama mtu ambaye nyimbo zake zimejaa ujumbe wa matumaini kwa vijana wa Marekani. Springsteen hakufurahia kuingizwa katika kampeni ile. Na hadi leo wimbo huo hupigwa kwenye mikutano ya kisiasa na watu ambao ni dhahiri wamekariri kiitikio tu.

Mhubiri anayesikia kiitikio peke yake ndiye yule anayechukua nusu ya mstari wa Zaburi, akaiacha zaburi yenyewe. Na hapa pia ukweli una utajiri kuliko kosa. Ukiwa unatafuta namna ya kuwaeleza vijana habari ya mtu aliyetumiwa kisha akatupwa, beti za wimbo huo zitakusaidia. Bendera ya kiitikio haitakusaidia.

Kumsingizia mtunzi

Uzembe wa pili ni mbaya zaidi, na katika mazingira yetu una mashabiki wengi. Ni ule wa kuuhukumu wimbo kwa uvumi. Wengi wetu tumewahi kusikia, kwenye semina au mkesha wa vijana, kwamba Hotel California wa kundi la Eagles ni wimbo wa ibada ya shetani, na kwamba hoteli inayoimbwa ilikuwa kanisa lake. Uvumi huo ulianzia Marekani kwenyewe. Watunzi wameeleza zaidi ya mara moja kwamba wimbo huo, uliotoka kwenye albamu ya mwaka 1976, unahusu maisha ya anasa ya California na jinsi mtu anavyopoteza unyofu wake ndani yake. Soma maneno yote na utaona kwamba maelezo yao yanaingia: msafiri amechoka, anavutwa na taa na ukarimu, anaburudishwa, na mwishowe anagundua kwamba mlango wa kutokea haumtoi.

Mtu anaweza kusema, "Afadhali kuogopa kupita kiasi kuliko kunaswa." Naielewa nia yake, ila siwezi kukubaliana naye, kwa kuwa kuna amri ya nane. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2478, inatufundisha kwamba ili kuepa hukumu ya haraka, kila mmoja ajitahidi kuyapokea mawazo, maneno na matendo ya jirani yake kwa upande ulio mwema kadiri inavyowezekana. Hapo inamfuata Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye anashauri kwamba tusipoweza kuyatetea maneno ya mtu, kwanza tumwulize anamaanisha nini. Mwanamuziki wa Marekani naye ni jirani. Kusema kwamba anamwabudu shetani bila ushahidi ni ushuhuda wa uongo, na hautakasiki kwa kuwa umetolewa katika mkesha wa sala.

Zipo nyimbo zinazomkufuru Mungu waziwazi, zipo zinazosifu uzinzi na dawa za kulevya, na mlezi akizikataza nitamuunga mkono. Lakini azikataze kwa yale yaliyomo. Mwaka wote tukipiga kelele kuhusu mashetani yasiyokuwepo, siku tukiwaonya vijana juu ya uovu uliopo kweli hakuna atakayetusikiliza.

Mtunzi anaponyamaza

Itakuwaje kama mtunzi hakueleza? Hapo wengi huona kwamba mlango uko wazi na kila mtu aingize analotaka. Mfano ni wa mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 katika familia ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zarathustra. Akasomeshwa India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Dunia ilimfahamu kwa jina la Freddie Mercury wa kundi la Queen. Mwaka 1975 alitoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita ambamo kijana anamwambia mama yake kwamba ameua mtu, kisha anakabili hukumu huku sauti zikigombania uhai wake. Freddie alikataa maisha yake yote kueleza maana yake, akawaachia wasikilizaji.

Basi tafsiri zikamiminika. Wapo waliosema anaimba kuhusu ugonjwa wa UKIMWI uliomuua mwaka 1991. Haiwezekani: wimbo ni wa mwaka 1975, na madaktari walianza kuutambua ugonjwa huo mwaka 1981. Wapo wanaolisikia neno "Bismillah" katikati ya wimbo, wakakumbuka Mji Mkongwe, na kusema kwamba hapo Freddie anarudi nyumbani. Ni wazo zuri, nami nalipenda, lakini mwenyewe hakulisema. Kwa hiyo hata mtunzi aliyenyamaza hatuachii uhuru wote. Tarehe zipo na maneno yapo, nayo yanazikataa baadhi ya tafsiri. Zile zisizokataliwa zinabaki kuwa zetu, na tuziseme kwa jina letu.

Kwangu mimi, wimbo huo ni kilio cha mtu aliyekiri dhambi yake kwa mama na asipate wa kumwondolea. Kila ninapousikia nafikiria kitubio, na nafikiria zawadi ya kuisikia sauti ya padre ikisema dhambi zako zimeondolewa. Je, Freddie Mercury alimaanisha hivyo? Sidai hata kidogo. Hayo ni yangu, na ninakushirikisha, ndugu msomaji, kama yangu.

Paulo Athene, Yohane Paulo Bologna

Kama kuna anayeogopa kwamba uangalifu huu utatunyima nafasi ya kuhubiri kwa kutumia nyimbo, amtazame Mtume Paulo. Katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, akiwa Areopago, anatumia maneno ya washairi wa Kiyunani. Wataalamu wanatuambia kwamba sehemu ya maneno hayo inatoka kwa Aratus, mshairi wa Kilikia, katika shairi la kumsifu Zeu. Paulo anayatumia kumtangaza Mungu wa kweli, na papo hapo anasema wazi kwamba ni maneno ya washairi wao. Hakuwaambia Waathene kwamba Aratus alikuwa mfuasi wa siri wa Kristo. Alichukua kiu yao, kisha yeye Paulo akataja chemchemi.

Mtakatifu Yohane Paulo II alifanya vivyo hivyo mjini Bologna, tarehe 27 Septemba 1997, wakati wa Kongamano la Ekaristi la Kitaifa la Italia. Bob Dylan aliimba mbele yake na mbele ya umati wa vijana. Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, aliandika miaka kadhaa baada ya hapo kwamba alikuwa na mashaka kama ilifaa kumwalika mwimbaji huyo. Lakini sikiliza alichofanya Papa. Aliuchukua wimbo maarufu wa Dylan wa mwaka 1963, Blowin' in the Wind, ambao umejaa maswali na unayaacha majibu yakipeperushwa na upepo. Papa akakubali kwamba jibu limo katika upepo, kisha akasema ni upepo upi: ni pumzi na sauti ya Roho. Na kwa swali la wimbo kuhusu njia ambazo mwanadamu hupitia, akajibu kwamba njia ni moja, Kristo. Maswali yalibaki ya Dylan, jibu lilikuwa la Papa, na hakuna kijana aliyetoka pale akidhani kwamba Dylan ndiye aliyehubiri.

Neno dogo kuhusu liturjia

Niongeze jambo moja kwa ajili ya wanaoandaa Misa za ndoa na mazishi. Wimbo kukugusa sana hakuufanyi uwe wimbo wa Misa. Hallelujah wa Leonard Cohen, uliotoka mwaka 1984, umeingia katika ndoa nyingi duniani kwa sababu ya neno lile moja. Beti zake zinachanganya habari za Daudi na Samsoni na mapenzi yaliyovunjika. Ni utungo wenye uzito, na unafaa kutafakariwa. Lakini Sacrosanctum Concilium, namba 121, inataka maneno ya nyimbo takatifu yapatane na mafundisho ya Kanisa na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika chemchemi za liturjia. Maharusi wakiuomba, wasikilizwe kwa upole, wasomewe beti zote, na wimbo ukapigwe ukumbini.

Tufanyeje?

Napendekeza maswali matatu kabla hatujautumia wimbo wowote katika mafundisho. La kwanza: je, nimeyasoma maneno yote, na ninajua anayesema ndani ya wimbo ni nani? La pili: je, mtunzi amesema lolote kuhusu wimbo wake, na ulitungwa lini? La tatu: je, ninachotaka kusema ni cha wimbo au ni changu? Jibu la swali la tatu likiwa "ni changu", usikiache. Kiseme, lakini anza kwa kusema, "Mimi ninapousikia wimbo huu…"

Maneno hayo machache hayapunguzi nguvu ya mahubiri. Kijana anayekusikiliza atajua kwamba umeusikiliza wimbo wake kwa haki, hukuja kuuteka wala kuulaani. Na siku utakapofungua Injili mbele yake na kumwambia, "Hivi ndivyo Bwana anavyosema," atakuwa na sababu ya kukuamini.